Kukosa daftari kuna bei yake

Ukurasa huu kwa kawaida hutaja bei za mahindi, maharage na kahawa. Wiki hii tunaomba ruhusa ya msomaji kutaja bei nyingine, ambayo haiandikwi kwenye ubao wa soko lolote lakini hulipwa na wenye maduka wengi kila mwaka. Ni bei ya kutokuwa na daftari la mauzo.

Bei hiyo si ya kubuni, kwani imo ndani ya sheria ya kodi ya mapato, kwa tarakimu. Mwenye duka wa Itaka anayeuza bidhaa za sh. milioni 5 kwa mwaka hulipa sh. 30,000 akiwa na kumbukumbu zake. Jirani yake mwenye duka la ukubwa huo huo, ambaye hana kumbukumbu, hulipa sh. 100,000. Tofauti ya sh. 70,000 haitokani na ukali wa ofisa wala ubaya wa biashara. Inatokana na daftari.

Msimu wa makadirio unapofika, kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi, maswali ni yale yale kutoka Itaka, Mlowo, Vwawa hadi mpakani Tunduma. Nani anatakiwa kupeleka hesabu? Kwa nini nimekadiriwa kiasi hiki? Nikiwa nimelipa zaidi, fedha yangu inarudi? Safu hii imeona ni vema kuyajibu maswali hayo kwa pamoja, na kueleza maoni yake kuhusu wapi mfanyabiashara anakosea na wapi serikali nayo inakosea.

USHURU SI KODI YA MAPATO

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Wako wanaosema, "Nimeshalipa kodi, nina risiti ya kizuizi." Risiti ya kizuizi ni ya ushuru wa mazao, na ushuru wa mazao ni mapato ya halmashauri. Kwa mujibu wa sheria, anayetakiwa kuulipa ni mnunuzi wa zao. Mwaka 2017 serikali iliushusha ushuru huo kwa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3.

Leseni ya biashara nayo ni jambo la pekee. Kadhalika kitambulisho cha mjasiriamali kilichoanza kutolewa Desemba 2018 kwa sh. 20,000 kilikuwa na walengwa wake, yaani wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao kwa mwaka hayazidi sh. milioni 4.

Kodi ya mapato inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, iliyoanza kazi Julai 1, 1996. Sheria yenyewe ni ya mwaka 2004, na taratibu za usimamizi wake zimo katika Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Risiti ya ushuru haifuti deni la kodi ya mapato, na risiti ya TRA haifuti deni la halmashauri. Msomaji aziweke kila moja kwenye bahasha yake.

NANI ANATAKIWA KUPELEKA RITANI?

Mwajiriwa ambaye kipato chake chote ni mshahara wa mwajiri mmoja hana haja ya kupeleka ritani. Mwajiri wake ndiye anayekata kodi kila mwezi na kuipeleka TRA. Tangu Julai 2020 kipato cha mwezi kisichozidi sh. 270,000 hakikatwi kodi hiyo, na tangu Julai 2021 kiwango cha chini kinachofuata ni asilimia 8, kilichoshushwa kutoka asilimia 9.

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi sh. milioni 100 yuko kwenye utaratibu wa makadirio. Kodi yake hutokana na mauzo, haitokani na faida. Anakadiriwa mwanzoni mwa mwaka, kisha analipa kwa awamu nne, ya kwanza mwisho wa Machi, ya pili mwisho wa Juni, ya tatu mwisho wa Septemba na ya nne mwisho wa Desemba.

Mwenye mauzo zaidi ya sh. milioni 100 anatakiwa kuwa na hesabu kamili. Hupeleka makadirio yake kabla ya Machi kwisha, na ritani ya mwisho kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata.

Lipo kundi la nne ambalo husahauliwa, nalo ni kubwa katika vijiji vyetu. Huyu ni mwalimu mwenye duka, muuguzi mwenye bodaboda mbili, karani mwenye mashine ya kusaga. Utaratibu wa makadirio ya mauzo umewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara. Mwenye mshahara pamoja na biashara, kwa maneno ya sheria, anatakiwa kujumlisha vyote na kupeleka ritani.

Chukua mfano wa mwalimu ambaye mshahara wake unaokatwa kodi ni sh. 600,000 kwa mwezi. Mwajiri humkata sh. 36,000 kila mwezi, sawa na sh. 432,000 kwa mwaka. Kama duka lake limempa faida ya sh. milioni 1.2, jumla ya kipato chake ni sh. milioni 8.4, na kodi ya mwaka ni sh. 672,000. Zile sh. 432,000 zilizokwisha kukatwa zinahesabiwa kuwa amelipa, naye anabaki na sh. 240,000 za kumalizia. Ni afadhali kulijua jambo hili Januari kuliko kuambiwa baada ya miaka mitatu, riba na adhabu zikiwa zimekwisha panda.

MKULIMA JE?

Swali hili ndilo linalowahangaisha wengi Itaka, ambako mwenye duka ndiye huyo huyo mwenye shamba la kahawa na ekari za mahindi. Sheria haimtoi mkulima kwa jina. Kinachomlinda mkulima mdogo ni udogo wa mauzo yake, kwani mauzo ya mwaka yasiyozidi sh. milioni 4 kiwango chake ni sifuri.

Tatizo linaanza pale mtu anapochanganya fedha. Anauza kahawa kupitia chama cha msingi, analipwa, na siku hiyo hiyo anatumia fedha hizo kujaza rafu za duka. Ofisa akifika anaona duka limejaa, naye anakadiria duka kubwa. Mwenye duka anajitetea kwamba mtaji ulitoka shambani. Inawezekana kabisa kwamba anasema kweli, lakini karatasi ya malipo ya chama iko wapi? Imefungiwa dagaa.

KWA NINI NIMEKADIRIWA KIASI HIKI?

Tuangalie sasa jedwali lenyewe, kwa madaraja mawili yanayowagusa wenye maduka wengi wa vijijini. Viwango hivi viliwekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019.

Mauzo ya zaidi ya sh. milioni 4 hadi milioni 7: asiye na kumbukumbu analipa sh. 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi sh. milioni 4.

Mauzo ya zaidi ya sh. milioni 7 hadi milioni 11: asiye na kumbukumbu analipa sh. 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa sh. 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kilichozidi sh. milioni 7.

Msomaji atazame vizuri ule mpaka wa sh. milioni 7, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Mwenye duka aliyeuza sh. milioni 6.8 na ana daftari, kodi yake ni sh. 84,000. Aliyeuza kiasi hicho hicho bila daftari analipa sh. 100,000. Lakini kama hana daftari, nani atasema aliuza milioni 6.8? Ofisa akikisia milioni 7.2, mtu huyo ameingia daraja la pili na deni lake ni sh. 250,000. Kosa la kukisia la sh. 400,000, ambalo ni mauzo ya wiki tatu hivi kwa duka la namna hiyo, limemgharimu sh. 150,000 taslimu.

Hata angekuwa ameuza hizo milioni 7.2 kweli, daftari lingemfanya alipe sh. 96,000. Kwa hiyo yule asiye na daftari hushindwa mara mbili. Hushindwa kwenye kiwango, na hushindwa kwenye ubishi.

Ofisa anayekadiria hana uchawi. Huangalia ukubwa wa chumba, bidhaa zilizopo, kodi ya pango, mahali duka lilipo na maduka ya jirani. Akifika Julai, wakati fedha za kahawa zimeanza kuingia mifukoni na duka limejaa mabati, saruji na vitenge, atakisia kwa alichokiona. Angefika Februari, wakati wa kiangazi cha mifuko, angekisia vingine. Biashara ya Mbozi inakwenda kwa msimu, na macho ya siku moja hayawezi kuona miezi kumi na miwili. Daftari linaweza.

Tunashauri pia kila mtu aulize jedwali la mwaka wake. Bunge hupitisha sheria ya fedha kila mwaka, na viwango vinaweza kubadilika Julai mosi.

"FAIDA YANGU NI NDOGO, MBONA NALIPA KWA MAUZO?"

Lalamiko hili lina haki ndani yake. Mfanyabiashara wa mahindi anaweza kununua na kuuza magunia yenye thamani ya sh. milioni 10 kwa mwaka na kubaki na faida ya sh. 600,000 tu, baada ya kulipa usafiri, vibarua na magunia. Kwa jedwali la mauzo, akiwa na kumbukumbu, atalipa sh. 180,000. Hiyo ni karibu theluthi ya faida yake. Muuza dawa za mifugo mwenye mauzo hayo hayo na faida kubwa zaidi analipa sawa naye.

Wengi hawajui kwamba sheria imeacha mlango. Mfanyabiashara anaweza kuchagua kutoka kwenye utaratibu wa mauzo na kutozwa kwa faida, kama wanavyotozwa wenye hesabu kamili. Kwa viwango vya mtu binafsi, kipato cha mwaka kisichozidi sh. 3,240,000 hakitozwi kodi. Yule wa mahindi mwenye faida ya sh. 600,000, kama hana kipato kingine, angekuwa chini kabisa ya mstari huo.

Hata hivyo, mlango huo una bawabu, na bawabu ni hesabu. Atatakiwa kuonyesha manunuzi, mauzo na matumizi, kila kimoja na ushahidi wake. Hesabu hizo afadhali zifanywe na mtu anayeijua kazi hiyo. Kwa mara nyingine tunarudi pale pale: asiye na daftari haoni mlango, anaona ukuta.

JE, KODI ILIYOZIDI HURUDISHWA?

Ndiyo. Sheria ya mwaka 2015 inatambua kwamba mlipa kodi akilipa zaidi ya anachodaiwa, ziada ni mali yake. Anaweza kuomba arejeshewe, au ziada hiyo ikatumika kupunguza deni jingine la kodi alilonalo. Lakini ziada hairudi yenyewe kama chenji ya dukani. Lazima iombwe, na lazima iwe na ushahidi.

Tutoe mifano miwili ya hapa kwetu.

Mfano wa kwanza ni wa kibarua wa msimu. Kijana ameajiriwa miezi mitano kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, kwa kipato kinachokatwa kodi cha sh. 500,000 kwa mwezi. Kila mwezi amekatwa sh. 18,400, jumla sh. 92,000. Baada ya msimu amerudi kijijini na hakupata kazi nyingine mwaka huo. Kipato chake cha mwaka mzima ni sh. milioni 2.5, chini ya ile sh. 3,240,000 isiyotozwa. Kodi ya mapato huhesabiwa kwa mwaka, makato ya kila mwezi ni njia tu ya kuikusanya. Kijana huyu ana hoja ya kudai sh. 92,000 zake. Anachohitaji ni namba yake ya mlipa kodi, hati za mshahara za miezi yote mitano na uthibitisho wa mwajiri kwamba makato yalipelekwa. Vijana wangapi hutunza hati ya mshahara baada ya kupokea fedha?

Mfano wa pili ni wa mtu anayeuza vyakula kwa taasisi ya serikali, tuseme mahindi na maharage ya shule. Taasisi ya serikali inayonunua bidhaa hutakiwa kukata asilimia 2 ya malipo kama kodi ya zuio. Aliyeuza bidhaa za sh. milioni 6 hukatwa sh. 120,000. Kama hayo ndiyo mauzo yake yote ya mwaka na ana kumbukumbu, kodi yake kwa jedwali ni sh. 60,000 tu. Kile kilichokatwa hupaswa kuhesabiwa kama malipo aliyokwisha kufanya, na kinachozidi akiombe. Lakini anayelipwa mara nyingi huona tu kwamba fedha zimepungua, analalamika njiani, kisha anasahau. Hakudai hati ya kodi ya zuio. Bila hati hiyo, mbele ya TRA hakukatwa kitu.

Wapangishaji wa vyumba vya biashara nao wamo. Kampuni au mfanyabiashara anayepanga hutakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mwenye nyumba adai hati ya kila makato, aiweke na mkataba.

NIKIONA MAKADIRIO SI SAHIHI?

Usichane karatasi, wala usifunge duka na kukimbilia Nakonde. Sheria inampa mlipa kodi siku 30, tangu alipopewa makadirio, kupeleka pingamizi kwa maandishi. Pingamizi likubaliwe kusikilizwa, anatakiwa kulipa kiasi ambacho hakibishaniwi au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Siku 30 zikipita kimya kimya, makadirio hayo yanasimama.

Biashara ikidorora katikati ya mwaka, mathalani kahawa imeharibika au barabara imekatika kwa mvua na wateja hawafiki, mlipa kodi aende mapema kuomba makadirio yake yarekebishwe. Asisubiri Desemba ndipo aeleze habari za Mei.

Aidha, tangu mwaka 2019 sheria imeweka Ofisi ya Msuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi, ambayo mtu aliyetendewa isivyo haki katika huduma za kodi anaweza kuipelekea malalamiko.

NILIFUNGA DUKA, BADO NADAIWA?

Hili nalo huwakuta wengi. Mtu alipata namba ya mlipa kodi ya biashara, akafungua duka Mlowo, likamshinda, akarudi Itaka kulima. Hakuandika barua. Kwenye vitabu vya TRA duka hilo bado liko wazi, makadirio yanaendelea na adhabu za kuchelewa zinahesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Siku anapotaka mkopo au leseni mpya ndipo anaonyeshwa deni.

Ukifunga biashara, andika barua TRA, ambatanisha barua ya ofisi ya kijiji au mtaa, na hakikisha unapata nakala iliyopigwa muhuri. Kufunga mlango kwa kufuli si kufunga biashara.

DAFTARI LENYEWE NI LIPI?

Wengine wakisikia "kumbukumbu" hudhani ni kompyuta na mhasibu aliyevaa tai. Kwa duka la kijijini ni daftari kubwa la kawaida, lenye mistari ya safu tano: tarehe, mauzo ya siku, manunuzi, matumizi na mikopo ya wateja. Liandikwe kila jioni kabla ya kufunga, kwa Kiswahili. Mama asiyejua kuandika anaweza kumpa kazi hiyo mtoto wa kidato cha pili. Risiti za manunuzi zitiwe kwenye kasha moja kwa kila mwezi. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5.

Fedha ya nyumbani na ya duka zitenganishwe. Sukari iliyochukuliwa dukani kwenda jikoni iandikwe. Fedha ya kahawa iliyoingia dukani iandikwe kama mtaji, na karatasi ya chama ibandikwe hapo hapo. Malipo ya kodi yafanywe kwa namba ya malipo, benki au kwa simu. Anayekuomba fedha mkononi ili "akusaidie kushusha", ujue anajisaidia mwenyewe.

HOJA YA WANAOOGOPA

Tunajua jibu la baadhi ya wasomaji wetu. Wanasema daftari ni kujianika. Mwenye mauzo ya milioni 9 ambaye amekadiriwa kwa bahati kwenye daraja la chini analipa sh. 100,000. Akileta daftari atalipa sh. 150,000. Kwa nini ajichongee?

Hatutamdanganya mtu. Hesabu hiyo ni sahihi, na kwa mwaka mmoja au miwili mtu wa namna hiyo anaweza kubaki na hizo sh. 50,000. Lakini anaishi kwa huruma ya jicho la mtu. Mwaka ofisa atakapokisia sawasawa, kodi yake itakuwa sh. 250,000 naye hatakuwa na karatasi ya kubishia. Benki nayo haitampa mkopo kwa mauzo asiyoyaonyesha. Na zaidi ya yote, mwenyewe hajui kama duka linampa faida au linakula mashamba yake. Zaidi ya hapo, kuficha mauzo ni kosa, na safu hii haiwezi kumshauri mtu kuvunja sheria.

SERIKALI NAYO

Baada ya kumwambia mfanyabiashara ukweli, haki inataka tuiambie na serikali.

Sheria imeweka tofauti inayoweza kukaribia sh. 160,000 kati ya mwenye daftari na asiye nalo. Hiyo ni adhabu, hata kama haiitwi hivyo. Adhabu ya kutojua jambo ambalo hukufundishwa si haki. Ni ofisi ngapi za kata ambako jedwali hili limebandikwa ukutani kwa Kiswahili? Mwaka 2021 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Jedwali la mistari michache halihitaji tume kulitafsiri. Libandikwe Itaka, libandikwe kila gulio.

Pili, karatasi ya makadirio ionyeshe hesabu. Mlipa kodi aambiwe: tumekisia mauzo yako ni kiasi hiki, kwa sababu hizi, kwa hiyo uko daraja hili. Mtu hawezi kupinga namba ambayo hajui ilikotoka. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, namna kodi inavyokadiriwa na kukusanywa ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue, ilizinduliwa Oktoba 2024 kuyatazama mambo ya kodi kwa upana. Maboresho yoyote yatakayoishia Dar es Salaam na kutofika kwenye karatasi anayopewa muuza duka wa Mbozi yatakuwa nusu.

Tatu, marejesho ya fedha ndogo yaharakishwe na yamalizwe mkoani. Sh. 92,000 za kibarua wa kahawa ni mbolea ya ekari moja. Akilazimika kutumia nusu yake kwa nauli za kufuatilia, ataacha, na atawaambia wenzake kwamba serikali hupokea lakini hairudishi. Maneno hayo yakienea kijijini, hakuna semina ya mlipa kodi itakayoyafuta.

HITIMISHO

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema juu ya mali inayovuja mikononi mwa mwenyewe. Siku hizi sheria ya kodi imeongeza maana ya methali hiyo, kwamba mali bila daftari hukisiwa na mwingine, na anayekisia si wewe utakayelipa kidogo.

Ndugu msomaji, kama huna daftari, usingoje Januari. Nunua leo, andika mauzo ya leo, na leo jioni tafuta ile karatasi ya chama cha msingi kabla haijafungiwa dagaa. Machi ikifika utaingia ofisi ya kodi ukiwa na jambo la kusema. Jirani yako atakuwa na kilio tu.